Ile asilimia 99.7 haihusu uhai

Juzi usiku mama mdogo alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga. "Mwanangu, hongereni. Nasikia mmepata viumbe kwenye sayari nyingine, tena kwa asilimia 99.7. Mbona hukutuambia?" Nilimpigia asubuhi, nikamwamkia, tukaongea karibu nusu saa. Kwake sikuudhika hata kidogo: alisikia redioni, na redio ilisema hivyo hivyo. Lakini yeye ni mtu wa nne kuniambia hayo tangu mwezi uanze, na wa tatu alikuwa mwalimu wa fizikia aliyekwisha kuliandika jambo hilo ubaoni mbele ya darasa zima. Kwa hiyo naandika sasa, mara moja, nimalize.

Sayari inayosemwa ni K2-18b. Iko umbali wa miaka ya mwanga kama 124, upande wa nyota za Asadi, na inazunguka nyota kibete nyekundu kila baada ya siku 33. Iligunduliwa mwaka 2015 kwa darubini ya Kepler. Uzito wake ni kama mara 8.6 ya Dunia na nusukipenyo chake kama mara 2.6. Ukigawa uzito kwa ujazo unapata msongamano wa karibu nusu ya ule wa Dunia. Maana yake si jabali kama hili tunalolikanyaga. Ama ina maji mengi kupita kiasi, ama imefunikwa na hidrojeni nene, ama vyote viwili. Anayeiita "Dunia ya pili" hajapiga hesabu hiyo, na ni hesabu ya kidato cha pili.

Kuhusu "ukanda wa kukalika", ambamo sayari hii inasemwa kuwemo, nitapita haraka. Ukanda huo ni hesabu ya umbali na mwanga, basi. Unasema kwamba sayari ikiwa na angahewa inayofaa, maji yanaweza kubaki kimiminika juu yake. Hausemi kwamba maji yapo. Mwezi wetu umo ndani ya ukanda huo huo, na hakuna anayeoga huko.

Sasa tuje kwenye kinachonikera.

Hakuna mtu aliyeiona K2-18b. Hakuna picha yake, na zile zinazosambazwa zenye bahari ya buluu na mawingu zimechorwa na wasanii. Tunachopima sisi wanaastronomia ni mwanga wa nyota. Sayari inapopita mbele ya nyota yake inaziba kama asilimia 0.3 ya mwanga huo. Pembezoni mwa sayari, sehemu ndogo ya mwanga hupenya kwenye angahewa kabla ya kutufikia, na kila gesi hunyonya rangi zake. Kwa hiyo kwenye rangi fulani sayari inaonekana kubwa kidogo kuliko kwenye rangi nyingine. Hiyo tofauti ndiyo tunayoitafuta. Ni kama sehemu moja katika 10,000 ya mwanga wote wa nyota, mara nyingi chini ya hapo.

Ukutani juu ya meza yangu nimebandika karatasi yenye spektra ya sayari hii, yaani mchoro wa mwanga uliopimwa rangi kwa rangi, iliyochukuliwa na chombo cha MIRI cha darubini ya angani ya James Webb. Ni nukta zilizotawanyika, kila moja ikiwa na mstari wa wima unaoonyesha kipimo kinaweza kuwa kimekosea kwa kiasi gani. Mistari hiyo ni mirefu. Mgeni akija humpa penseli nikamwomba achore njia anayodhani inapita katikati ya nukta. Mmoja huchora kilima upande wa kushoto, mwingine huchora bonde mahali pale pale. Binti wa jirani, yuko darasa la sita, alichukua rula akachora mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa data ile, mstari wake hauna kosa. Mtafiti aliyeichambua upya data hiyo hiyo mwaka 2025 alifikia jibu hilo hilo: mstari ulionyooka unatosha.

Basi ile asilimia ilitoka wapi?

Aprili 2025 kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge, likiongozwa na Nikku Madhusudhan, lilitangaza kwamba spektra ya MIRI inaelezeka vizuri zaidi ikiwa angahewa ina dimethili salfaidi, ama binamu yake dimethili disalfaidi, ama zote mbili. Hapa Duniani dimethili salfaidi hutokana hasa na viumbe vidogo vya baharini, na ni mojawapo ya gesi zinazoipa bahari harufu yake. Ukisimama ufukweni maji yamekupwa, unaivuta. Nguvu ya ushahidi wao ilikuwa sigma 3; sigma ni kipimo cha jinsi ishara inavyozidi kelele za data. Sigma 3 ikigeuzwa kuwa asilimia inasomeka 99.7, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kila mtu aliweka neno "uhai" mbele ya namba ambayo haikuwa na neno hilo.

Fikiria umelala nyumba ya bati, saa nane usiku. Unasikia kishindo juu ya paa. Kichwani una maelezo mawili tu: ama ni mwizi, ama hakuna kitu na masikio yamekudanganya. Kishindo kilikuwa kikubwa, kwa hiyo "hakuna kitu" inaonekana haiwezekani, labda asilimia 0.3. Je, sasa una uhakika wa asilimia 99.7 kwamba ni mwizi? Huna. Una uhakika wa kiasi hicho kwamba palikuwa na kishindo. Hukuweka komba kwenye orodha. Hukuweka paka, wala nazi kavu iliyodondoka, wala bati lenyewe linalolia likipoa baada ya jua la mchana. Ukiyaongeza hayo, kishindo kinabaki kile kile, lakini mwizi anashuka kutoka kuwa jibu pekee hadi kuwa mmoja kati ya wengi, na si wa kwanza.

Ndivyo ilivyo kwa sigma 3. Namba hiyo ni ulinganisho kati ya modeli mbili za angahewa: iliyo na gesi hizo na isiyo nazo. Haiwezi kusema lolote kuhusu gesi ambayo haikuingizwa kwenye modeli. Wachambuzi wengine walipoongeza makumi ya gesi nyingine kwenye orodha, kadhaa zilifaa sawa na dimethili salfaidi au kuizidi. Tena hata kishindo chenyewe kina mashaka: kundi moja likichakata data kwa namna yake linakisikia, jingine likichakata kwa namna nyingine halisikii kitu. Katika fizikia ya chembe watu hawatangazi ugunduzi kabla ya sigma 5, ambayo ni nafasi isiyofikia moja kwa milioni kwamba kelele imetudanganya. Wanafanya hivyo kwa sababu wameona sigma 3 nyingi zikiyeyuka.

Na niseme wazi, sina ugomvi na Cambridge. Wao wenyewe walisema hawajafika sigma 5, na kwamba zinahitajika saa 16 hadi 24 zaidi za Webb ili pengine kufika huko. Maneno hayo yalikuwemo kwenye taarifa yao. Yalianguka njiani kati ya taarifa na redio.

Sayari hii hii ilishatufundisha somo hilo. Mwaka 2019, kwa kutumia darubini ya Hubble, ilitangazwa kwamba ina mvuke wa maji. Magazeti yakajaa. Mwaka 2023 Webb ilipoitazama kwa macho makali zaidi ikaona methani na kabonidioksidi waziwazi, na maji hayakuonekana. Kile kilima cha Hubble huenda kilikuwa methani tangu mwanzo, kwa kuwa gesi hizo mbili hunyonya mwanga karibu na sehemu moja. Nani alikosea? Sidhani kuna aliyekosea kwa uzembe. Kifaa hakikuwa na uwezo wa kuzitenganisha, na sisi tulikuwa na hamu ya maji.

Tuseme sasa dimethili salfaidi ipo kweli. Bado hatujafika. Molekuli hiyo imepatikana kwenye data ya nyotamkia 67P, ile iliyotembelewa na chombo cha Rosetta, na nyotamkia haina viumbe vidogo vya baharini. Maabara nazo zimeitengeneza kwa kumulika mchanganyiko wa gesi, bila kiumbe hata mmoja. Kwa hiyo swali linakuwa: kiasi gani, pamoja na gesi zipi nyingine, kwenye sayari ya aina gani? Na aina yenyewe haijakubaliwa. Wapo wanaosema K2-18b ina bahari chini ya hidrojeni. Wapo wanaosema ni sayari ya gesi isiyo na uso wowote. Wapo wanaosema chini kuna mwamba ulioyeyuka. Spektra ile ile inawavumilia wote watatu.

Anayedhani tatizo ni umbali tu, amtazame Mirihi. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua pale na kuchota udongo. Jaribio moja liliutilia udongo chakula chenye kaboni iliyotiwa alama, na gesi ikatoka, kama ambavyo ingetoka kama kuna vijidudu vinavyokula. Kifaa kingine ndani ya vyombo hivyo hivyo hakikukuta molekuli za kaboni za kutosha kuelezea hilo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta perklorati, aina ya chumvi, kwenye udongo wa Mirihi, na wengi wakasema kemia hiyo inatosha kueleza yaliyotokea. Gilbert Levin, aliyebuni jaribio lile, aliamini hadi kufariki kwake mwaka 2021 kwamba aliona uhai. Hapo tulikuwa tumetua, tumeshika udongo wenyewe, na bado miaka 50 ya ubishi. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Zuhura na fosfini, gesi iliyodhaniwa kuwa dalili ya uhai. Data iliposawazishwa upya, ishara ikapungua sana, na wanaendelea kubishana hadi leo.

Mashaka yangu mwenyewe ni haya, na vitabu vya kufundishia huyapitia juujuu. Tunatafuta kwenye nyota vibete nyekundu kwa sababu ni ndogo, na sayari ikipita mbele ya nyota ndogo inaziba sehemu kubwa zaidi. Ni urahisi wa kupima ndio uliotupeleka huko. Nyota hizo nyingi hurusha milipuko ya mwanga mara kwa mara, na zina madoa, na madoa yana molekuli zake. Doa la nyota linaweza kuandika kwenye spektra kitu ambacho sayari haikukisema. Kuna miezi ambayo nadhani njia hii itatupa hali ya hewa ya sayari mia moja na isitupe uhai hata mara moja, hata kama upo. Niliwahi kuona kilima kizuri cha methani kwenye sayari nyingine, nikakosa usingizi siku mbili. Nilipobadilisha namna ya kukata ncha za data, kilima kikaondoka. Tangu siku hiyo sitangazi kitu ambacho hakijapimwa kwa vyombo viwili na kuchambuliwa na watu wasiotumia programu yangu.

Mama mdogo aliniuliza: basi wewe unatumaini wapi? Hilo nalijibu bila kusita. Zohali ina mwezi unaoitwa Enceladus, mpana kilomita kama 500 tu, wenye ganda la barafu na bahari chini yake. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliona maji yakirushwa angani kupitia nyufa za kusini mwake, kisha kikapita katikati ya marusho hayo na kuyaonja. Kilikuta chumvi, molekuli za kaboni na hidrojeni, na mwaka 2023 wachambuzi wakatangaza kwamba data yake ina fosfati pia, madini ya fosforasi. Mwanga kutoka huko unatufikia kwa muda wa kama saa moja na robo. K2-18b hatutafika. Huko tunafika.

Na maji hayo ni ya magadi, kama Ziwa Natron na Ziwa Magadi. Maji yanayochoma ngozi, na bado vijidudu vimejaa humo kiasi cha kulisha heroe kwa maelfu. Nilimwambia mama mdogo kwamba chumvi iliyomo ni ndugu wa magadi anayotia kwenye kunde ziive upesi. Akacheka, akaniambia nisubiri, akaenda jikoni kuzima jiko, akarudi. "Sasa mtaenda lini?"

Nikamwambia Shirika la Anga la Ulaya linapanga chombo cha kuondoka mwanzoni mwa miaka ya 2040, na safari yenyewe ni ya miaka mingi. Akanyamaza. Nilimsikia akihesabu umri wake taratibu, kwa sauti ya chini, hadi akafika.