Je, wajua kwa nini mawe mengi ya kelingi, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, hutoka kisiwa kimoja, ilhali Dodoma tumezungukwa na graniti?

Ukiingia Dodoma kwa njia yoyote, jiwe ndilo linalokupokea. Miamba imekaa katikati ya mashamba ya mtama, imebebana juu ya vilima, na Jiwe la Simba linatazama mji kama mwenyeji wa zamani. Ukiendelea hadi Singida, inasimama mpaka ukingoni mwa Ziwa Singidani. Sehemu kubwa ya mawe haya ni graniti, ambayo vitabu vingine vya jiografia huiita matale.

Swali la leo nililipewa na mzee mmoja anayepasua kokoto pembezoni mwa mji. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli chake nikisubiri gari lipakiwe, huku nikitazama kwenye simu mchezo wa ubingwa wa dunia wa kelingi. Akasogea naye akatazama. Mchezaji anapiga goti, anateleza, analiachia jiwe juu ya barafu, na wenzake wawili wanakimbia mbele yake wakifagia kwa nguvu zote. Nikamwambia kwamba mawe yale huchongwa kutoka kisiwa kidogo cha Uskoti kiitwacho Ailsa Craig. Akaweka nyundo chini.

"Mwanangu, si jiwe tu hilo? Sisi hapa tumelikalia."

Sikuwa na jibu. Nilipolitafuta nikalipata kwenye kitu ambacho mzee yule hukishika kila siku, yaani punje za jiwe.

Kwanza mchezo wenyewe. Waliocheza gololi utotoni watauelewa upesi, kwa sababu anayekaribia shabaha ndiye anayepata, na unaruhusiwa kumgonga mwenzako umwondoe. Timu mbili za watu wanne hucheza kwenye njia ya barafu yenye urefu wa mita 45 hivi na upana usiofika mita 5. Mwisho wa njia kuna duara la kipenyo cha mita 3.66, nalo huitwa nyumba. Kila timu ina mawe manane, na yote 16 yakishatupwa, raundi imekwisha. Timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndiyo pekee inayopata pointi, moja kwa kila jiwe lililo karibu na kitovu kuliko jiwe bora la wapinzani. Katika ubingwa wa dunia huchezwa raundi 10. Jiwe la mwisho la raundi lina thamani kubwa mno, na wenyewe wanaliita nyundo. Ili kujua nani aanze nalo, kabla ya mechi kila timu hutupa mawe kuelekea kitovuni, kisha umbali unapimwa kwa sentimita.

Kelingi ilizaliwa Uskoti. Kuna jiwe la kale la huko lililochorwa mwaka 1511, enzi ambazo watu walicheza kwenye mabwawa yaliyoganda, kila mtu na jiwe aliloliokota mtoni. Ubingwa wa dunia wa wanaume ulianza 1959, Uskoti na Kanada wakikutana wao kwa wao. Wanawake walipata wa kwao mwaka 1979, katika mji wa Perth, Uskoti. Kuanzia 1989 hadi 2004 wanaume na wanawake walikutana mahali pamoja. Tangu 2005 wametenganishwa. Ulaya ina ubingwa wake wa timu za taifa za jinsia zote mbili tangu 1975, ulioanzia Megève, Ufaransa. Mabara yaliyobaki, Afrika ikiwemo, yanakutana katika ubingwa mmoja wa pamoja ambao ulichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022 mjini Calgary, Kanada. Mwaka ule wanaume wa Kanada na wanawake wa Japani ndio waliotwaa taji. Nigeria ilijiunga na shirikisho la dunia mwaka 2018, nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Tanzania nayo ikitaka siku moja kuucheza mchezo huu, mlango wake ni ubingwa huo wa mabara.

Sasa turudi kwenye jiwe.

Jiwe la mashindano lina uzito wa kilo 17.24 hadi 19.96, karibu sawa na ndoo ya maji ya lita 20. Usidhani limekaa barafuni kwa tumbo lote. Chini limechimbwa likaacha uwazi katikati, mfano wa kitako cha bilauri, kwa hiyo linaloigusa barafu ni mkanda mwembamba tu wa mviringo, upana wake milimita chache. Barafu nayo si laini kama kioo. Kabla ya mechi fundi huinyunyizia vitone vya maji vinavyoganda papo hapo na kuacha vinundu vidogo vidogo, na jiwe hupita juu ya vinundu hivyo. Kilo zote zile zimebebwa na ukanda ule juu ya ncha za barafu. Mambo yote ya kelingi yanaamuliwa hapo.

Jina la mchezo kwa lugha yake linatokana na kupinda, kwa kuwa mchezaji anapoliachia jiwe hulizungusha kidogo, nalo kadiri linavyopungua mwendo huanza kukunja kona. Likizungushwa kwa mwelekeo wa mshale wa saa, hupinda kulia. Linaonekana jambo la kawaida, ila jaribu hili nyumbani: pindua bilauri kifudifudi juu ya meza laini, isukume huku ukiizungusha kwa mwelekeo ule ule wa saa. Itapinda kushoto. Ukingo wa mbele huelemewa zaidi, na kwa kuwa wakati huo unazunguka kuelekea kulia, msuguano unaisukuma bilauri kushoto. Jiwe la kelingi linafanya kinyume, na wanafizikia wamebishana juu ya hilo kwa miongo mingi.

Maelezo moja yanayonivutia yalitolewa mwaka 2013 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Walisema ukanda wa jiwe una vimeno vidogo visivyoonekana kwa macho. Upande wa mbele unapopita, vimeno hivyo huchora mikwaruzo barafuni kwa mshazari, kwa sababu jiwe linazunguka. Upande wa nyuma ukifika, vimeno vyake hukutana na mikwaruzo ile na kuvutwa kuifuata, jiwe likapinda. Si wote walioyakubali maelezo hayo, lakini wote wanajua kuwa ukali wa ukanda ule una kazi yake. Ndiyo maana mafundi huusugua kwa msasa ili ukwaruze inavyotakiwa. Na wale wanaofagia wanaisugua barafu hadi inapata joto kidogo, msuguano unapungua, jiwe linafika mbali zaidi na kupinda kidogo. Kufagia kuna nguvu kiasi kwamba mwaka 2016, baada ya brashi mpya kuzua malalamiko, shirikisho la dunia liliamuru wote watumie kitambaa cha aina moja.

Ukishayaona hayo, swali la mzee linapata uzito mwingine. Ikiwa njia ya jiwe inategemea vimeno visivyoonekana kwa macho, itakuwaje punje moja ya jiwe ikichomoka? Pale palipokuwa na meno panabaki shimo, na jiwe halitapinda tena kama wenzake. Timu za taifa hufanya mazoezi kabla ya mechi ili kuyajua mawe waliyopangiwa, moja moja, na kuchagua lipi liende na lipi. Jiwe linalobadilika katikati ya mashindano ni balaa kwa kila mtu.

Adui mkubwa wa punje ni maji. Jiwe la kelingi maisha yake yote linakaa juu ya unyevu na baridi. Likiwa na vinyweleo, maji huingia, yanaganda, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya maji kwenye friza akaikuta imepasuka amekwisha iona nguvu hiyo. Sisi Dodoma hatuna barafu ya kupasua miamba, lakini tuna dada yake: jua kali la mchana na baridi ya usiku, hasa Juni na Julai. Mwamba unatanuka na kunywea, mwaka hadi mwaka, mpaka unamenyuka maganda kama kitunguu. Wapasua kokoto huiga kazi hiyo wanapowasha moto juu ya mwamba ili upasuke.

Graniti yetu hupokea mipasuko hiyo kwa urahisi kwa sababu ya jinsi ilivyozaliwa. Ni uji wa mwamba uliopoa polepole mno ndani kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ukikausha maji ya chumvi polepole unapata chembe kubwa. Ukiyachemsha haraka unapata chumvi laini. Mwamba nao ni hivyo hivyo. Vunja jiwe la Dodoma uyatazame madini yake: feldispa nyeupe au ya waridi, kwatsi inayong'aa kama kioo, ulanga mweusi, vyote vinaonekana kwa macho, vingine vikubwa kama punje ya hindi. Isitoshe, jiwe hili limebanwa na kukunjwa na ardhi kwa muda usiofikirika, na nyufa za taabu hiyo zimo ndani yake.

Ailsa Craig ni kitoto mbele yake. Ni kizibo cha volkano ya kale chenye umri wa miaka milioni 60 hivi, kilichochomoza baharini hadi mita 338 upande wa magharibi wa Uskoti. Uji wake ulipoa upesi, kwa hiyo punje ni ndogo na zimeshikana sana. Hata hivyo kisiwa kina mawe ya aina zaidi ya moja, na hapa ndipo ufundi ulipo. Lile la rangi ya buluu lina punje ndogo zinazolingana na halinywi maji karibu kabisa. Hilo huwekwa chini, kwenye ukanda. Lile la kijani hustahimili kugongwa, na hilo ndilo mwili wa jiwe. Utafiti wa wanajiolojia wa Kanada uliochapishwa mwaka 2022 ulipima mawe haya kwa karibu. Ukaona kwamba kwenye sehemu ya kugongana, punje za ukubwa uliochanganyika zinafaa, wakati ukanda wa chini unataka punje za ukubwa mmoja. Utafiti huo huo ulitilia shaka imani ya siku nyingi kwamba ubora wa mawe haya unatokana na kukosa kwatsi, kwani kwatsi ilikutwa imo.

Kampuni ya Kays, iliyoanza mwaka 1851 na iliyopo Mauchline, ndiyo yenye haki ya kuchukua graniti ya kisiwa hicho, na mawe yake ndiyo ya Olimpiki. Kisiwa ni hifadhi ya ndege wa baharini, kwa hiyo mawe hayachukuliwi kila mwaka. Mwaka 2013 zilitolewa tani zipatazo 2,000, zikatosha oda za miaka kadhaa. Pako mahali pengine pia, Trefor huko Wales, panapotoa graniti ya kelingi, kwa hiyo si kweli kwamba dunia nzima hucheza na kisiwa kimoja. Ila kwa ukanda wa chini, lile la buluu la Ailsa Craig bado ndilo linalotafutwa.

Nilirudi kwa mzee baada ya wiki mbili. Nilimwamkia, nikamweleza habari za punje. Hakushangaa. Akainuka, akachukua vipande viwili kutoka kwenye rundo lake, kimoja cha punje kubwa za waridi, kingine cheusi, laini, kizito. Akavigonga kwa nyundo, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilitoa sauti butu, cha pili kililia kama chuma. Kumbe yeye huyatenganisha kwa sikio kabla hata ya kuyatazama.

"Na hilo la kisiwani," akaniuliza, "linaliaje?"

Waskoti wa zamani waliuita huu mchezo unaonguruma, kwa ajili ya mvumo wa jiwe linapopita juu ya vinundu vya barafu. Nikafungua simu, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikamsogezea sikioni. Akafumba macho akasikiliza jiwe likija kutoka mbali, likivuma, mpaka likagonga jingine.

"Rudia," akasema.