Uso wa saa kuukuu kung'aa gizani si ushahidi kwamba ni wa asili

Ujumbe huu huzunguka kila mara kwenye makundi ya wapenda saa: saa ya zamani ya wapiga mbizi ikiwaka gizani usiku kucha, basi uso wake ni ule uliotoka nao kiwandani. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake.

Saa nyingi za miaka ya 1960 hadi 1990 zilipakwa rangi yenye tritiamu, dutu yenye mnururisho (mionzi) inayoifanya rangi ing'ae gizani. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo saa ya mwaka 1965 imebaki na chini ya sehemu moja ya ishirini. Ikiwaka sana leo, huenda imepakwa rangi upya au uso ulibadilishwa wakati wa matengenezo. Hilo halimaanishi saa ni bandia, ila bei yake kwa mkusanyaji si ileile.

Tazama chini kabisa ya uso wa saa, penye namba 6: maandishi "T SWISS T" au "SWISS – T<25" huashiria tritiamu. Kisha imulike kwa tochi, uzime taa. Rangi ya zamani hufifia upesi, na mishale na nukta hufanana kwa umri. Kinachowachanganya watu ni rangi za kisasa zisizo na mnururisho, ambazo kweli hung'aa kwa saa nyingi.

Tafadhali, ukiupata ujumbe huo usiusambaze. Wala usikwangue rangi ili kuipima: saa za kale zaidi zina radiamu, dutu nyingine yenye mnururisho, na vumbi lake ni hatari likivutwa.