Je, wajua kwa nini "apt update" haisasishi programu hata moja?

Mtu aliyehamia Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux, juzi huelekezwa afungue teminali (dirisha la kuandikia amri) kwa Ctrl+Alt+T, aandike sudo apt update, kisha abonyeze Enter. Apt ni chombo cha kusakinisha na kusasisha programu, na sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi. Anaulizwa nenosiri. Anachapa, haoni hata nyota moja ikitokea, anadhani kibodi imekufa. Haijafa. Katika matoleo mengi mfumo huficha hata idadi ya herufi, kwa hiyo chapa mpaka mwisho. Mistari inapita mbio, inasimama, naye anafunga dirisha akiamini kazi imekwisha.

Kumbe hakuna programu iliyoguswa.

Programu za Ubuntu hukaa kwenye seva zikiwa zimefungwa katika vifurushi, na kompyuta yako huweka nakala ya orodha ya vifurushi hivyo katika folda /var/lib/apt/lists. Kazi ya update ni kuleta orodha mpya, basi. Ni kama kumpigia simu mwenye duka kuuliza kilichoingia leo: habari umepata, mzigo bado uko kwake. Mstari unaoanza na Hit unasema orodha uliyonayo haijapitwa na wakati. Ukianza na Get, kuna orodha mpya imeshushwa. Mwishoni utatajiwa vifurushi vingapi vina toleo jipya. Mzigo wenyewe huletwa na amri ya pili, sudo apt upgrade.

Mbona zisiwe amri moja? Kwa sababu orodha ina kazi nyingine pia. Tuseme unataka VLC, programu ya kuchezea video, peke yake, ukaandika sudo apt install vlc. Apt hutazama kwenye orodha ijue ni toleo gani na faili liko wapi. Orodha ikiwa ya miezi mingi, inaweza kwenda kuomba toleo ambalo seva ilishaliondoa, ukajibiwa 404 Not Found. Wengi hapo huulaumu mtandao bure. Endesha update, rudia install, na mara nyingi inakubali, bila kulazimika kusasisha mfumo mzima kwa ajili ya programu moja.

Halafu kuna suala la bando. Kabla ya kushusha chochote, upgrade kwa kawaida hukuonyesha majina ya vifurushi, MB zitakazoshushwa na nafasi itakayoliwa kwenye diski, kisha huuliza kama unataka kuendelea: [Y/n]. Anayetumia intaneti ya simu akiona MB 600 anaweza kujibu n, akangoja Wi-Fi ya ofisini. Angalia hiyo Y kubwa: ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, umeshakubali.

Fedora, mfumo mwingine wa Linux, wamechagua njia nyingine. Dnf, chombo chao cha kazi hii, hujiletea orodha yenyewe ikiona iliyopo imechakaa. Ni rahisi zaidi, lakini kwa mtu anayehesabu MB zake mimi naona utaratibu wa apt, ambao Ubuntu iliurithi kutoka Debian, mfumo iliojengwa juu yake, unamfaa zaidi. Mwenye haraka huziunganisha: sudo apt update && sudo apt upgrade. Zile alama mbili za && maana yake ya pili ianze tu kama ya kwanza imefaulu.

Usishtuke kuona anwani za http tupu, bila s. Orodha hutiwa saini ya kidijitali, na ndani yake kila kifurushi kina alama yake ya SHA256. Kifurushi kikichezewa njiani, alama hazilingani, na apt hukikataa.

Ukikuta Could not get lock, yaani apt imeshindwa kupata kufuli (faili linalozuia kazi mbili za kusakinisha zisiende pamoja), mara nyingi ni Ubuntu yenyewe inayosakinisha masasisho ya usalama chinichini. Subiri dakika chache. Ushauri wa kufuta faili hilo la lock umezagaa mitandaoni, nao unaweza kukuachia vifurushi vilivyosakinishwa nusunusu.

Baada ya upgrade, kazi huendelea kama kawaida, isipokuwa hasa pale kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, iliposasishwa: ile ya zamani ndiyo inayoendelea kuendesha mashine mpaka uiwashe upya. Andika ls /var/run/reboot-required. Faili likiwepo, hifadhi kazi zako, kisha sudo reboot.