Mwacheni Mwenye Friji

Hili la luku ya pamoja limenichosha. Nikiitwa nyumba ya kupanga kukagua umeme, nakuta hukumu imeshatoka: vyumba vyote vinachanga sawa, ila mwenye friji analipa mara mbili kwa sababu "friji linakula umeme usiku na mchana".

Haliko hivyo. Kibandiko kikisema wati 120, watu wanazidisha kwa saa 24, wanapata karibu uniti 3 kwa siku. Hiyo ni hesabu ya mota isiyopumzika. Hebu simameni karibu nalo usiku: litanguruma, litakata, litanyamaza kitambo, ndipo lianze tena. Friji dogo lenye mpira mzima mlangoni linaweza kumaliza siku kwa uniti 1 au pungufu. Mpira ukilegea, au likibanwa ukutani likakosa hewa, litanguruma karibu muda wote, na hapo lalamikeni.

Sasa jirani anayechemsha maji ya kuoga kwa hita ya wati 1,500: dakika 20 asubuhi, 20 jioni, tayari uniti 1. Hakuna anayemsema, maana hita ikishatumika inarudi chini ya kitanda. Wakati huohuo mwenye taa ya wati 9 na chaja ya simu hafikishi uniti 1 kwa wiki, na anachanga sawa na wote. Huo ni uonevu.

Fungeni mita ndogo kila chumba, msome pamoja mwisho wa mwezi. Taa za nje na za choo gawaneni sawa. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku ni ya mwenye nyumba, aipunguze kwenye pango.

Kinachonisumbua ni nyumba iliyo kwenye D1, kundi la bei nafuu la TANESCO kwa nyumba zinazotumia umeme kidogo. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, zinazozidi ni 350. Nani abebe za 350? Mwenye taa atasema bila hita tusingevuka. Mwenye hita atasema uniti zangu zilianza tarehe mosi kama zako. Wote wana hoja. Mimi hugawa zile 75 sawa kwa vyumba, anayevuka fungu lake alipie nyongeza. Ila kijana anayekaa peke yake kupata fungu sawa na mama mwenye watoto wanne, moyo wangu haujaridhika. Na mkigawa kwa vichwa, semeni mapema mgeni wa miezi miwili anahesabiwa vipi.