Mageti ya otomatiki ya daraja linalofunguka: ni nini, na yanafanyaje kazi

Daraja linalofunguka ni lile ambalo kipande chake kinatolewa njiani ili meli ipite. Kuna la kuinua bawa (ndicho kile kipande kinachoinuka) moja au mawili juu, kuna lile ambalo kipande kizima kinapandishwa wima katikati ya minara miwili, na kuna la kuzunguka, yaani kipande kinageuka mpaka kinalala sambamba na mto. Ufundi ni tofauti ila shida ni ileile, kwa dakika kadhaa barabara haipo, na mwenye gari anayekuja kwa spidi anaweza asijue kabisa mpaka amefika ukingoni.

Hapo ndipo mageti yanapoingia. Sasa ukitaja geti la daraja wengi wanaiona ile fimbo ya mistari myekundu na myeupe inayoshuka taratibu na vitaa vinawakawaka juu yake, na ni kweli hiyo ni geti, lakini hiyo haizuii gari. Haikuwekwa ikuzuie. Ni fimbo nyepesi ya mbao au alumini au faiba, gari dogo tu linaivunja, na imetengenezwa hivyo makusudi ili mtu akifungiwa upande mbaya aweze kuivunja akatoka badala ya kubaki amekwama juu ya kipande kinachoinuka. Kazi yake ni kukuonya, ndo maana mafundi wanaitofautisha na geti la pili.

Geti la pili ndilo la kuzuia. Hili lina chuma kizito au nyaya nene au wavu, linakaa karibu zaidi na pengo, na ncha yake ikishuka inashikwa upande wa pili wa barabara ili nguvu ya gari igawanyike kwenye nguzo mbili, na mengine yametengenezwa yavutike kidogo yakigongwa, gari lisimame kwa mita kadhaa badala ya kubamizwa papo hapo. Hapa hesabu haina huruma, spidi ikiongezeka mara mbili nguvu ya mgongano inaongezeka mara nne, kwa hiyo geti linalomudu gari la mwendo wa mjini linaweza lisifue dafu mbele ya lori lililokuja mbio. Na sio kila daraja linalo, kuna mengi yana fimbo za kuonya peke yake, au bawa lenyewe likiinuka linasimama kama ukuta upande ule na wahandisi wanaona inatosha.

Haya, tufuate mzunguko mmoja wa kufungua. Boti inakuja, inaomba kwa redio au inapiga honi, Marekani utaratibu ni honi moja ndefu halafu moja fupi, opereta akijibu vilevile maana yake daraja linafunguka, akipiga tano fupi maana yake haliwezi kufunguka kwa sasa. Opereta anaangalia barabara, anaanzisha mfumo, taa za barabarani zinatoka kwenye njano kwenda nyekundu na kengele inalia. Halafu zinashuka fimbo za upande wa kuingilia TU. Zile za upande wa kutokea zinabaki juu kwanza, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda mimi kwa sababu mtu asiyeelewa anaweza kudhani geti limegoma kumbe linasubiri, magari yaliyokwishaingia lazima yapate njia ya kutoka. Yakiisha, opereta anashusha za kutokea, halafu mageti mazito kama yapo. Ndipo vyuma vinavyofunga bawa kwenye daraja vinachomolewa, na ndipo mota za kuinua zinaruhusiwa kupata umeme.

Hilo neno kuruhusiwa ndilo dhana yenyewe. Kwenye mfumo wa kisasa kila hatua inafungwa na iliyotangulia, taa isipokuwa nyekundu fimbo haishuki, fimbo zisipokuwa chini vyuma havichomoki, vyuma visipochomoka mota haizunguki, na wakati wa kurudi ni kinyumenyume, bawa lisipokaa sawasawa mahali pake na likafungwa basi geti halipandi hata opereta abonyeze mpaka kidole kiume. Zamani mfululizo huu ulikuwa kwenye mitaimbo ya kuvuta kwa mkono na rilei, yaani swichi zinazowashwa na umeme, siku hizi uko kwenye kompyuta ndogo ya viwandani. Kwa hiyo tukisema otomatiki haimaanishi hakuna mtu, mara nyingi mtu yupo na yeye ndiye anayeamua lini, otomatiki ni kwamba mashine inamkatalia akitaka kuruka hatua.

Kwanini ikafika huko? Kwa sababu kuonya peke yake kulishashindwa. Boston, tarehe 7 Novemba 1916, tramu ya jioni ilivunja geti lililokuwa limefungwa kwenye daraja la Summer Street na kutumbukia majini, daraja lilikuwa wazi, wakafa watu 46. Geti lilikuwepo na lilikuwa limefungwa! Tatizo ni kwamba halikuwa na uwezo wa kusimamisha kitu kizito kama tramu. London yakatokea ya kinyume chake, mwezi Desemba 1952, basi namba 78 lilikuwa juu ya Tower Bridge na bawa likaanza kuinuka likiwa na basi juu yake, dereva Albert Gunter akaona barabara mbele inashuka (kumbe yeye ndiye anapanda), akakanyaga mafuta badala ya breki na basi likaruka pengo likatua upande wa pili. Alizawadiwa pauni 10. Wakati ule yote yalitegemea mlinzi apige kengele afunge mageti ndipo daraja liinuliwe, na siku hiyo mlinzi hakufanya hivyo, wala hakukuwa na kitu cha kuzuia bawa lisiondoke mageti yakiwa wazi. Boston ni kesi ya nguvu ya geti, London ni kesi ya mfuatano, na ndo vitu viwili ambavyo mfumo mzima wa leo unajaribu kuviziba.

Sasa twende kwenye vitu vidogovidogo ambavyo ndivyo vinaleta tabu. Mfumo unajuaje fimbo iko chini? Haioni. Kuna swichi ndani ya lile boksi la mota inayosoma shafti imezunguka kiasi gani, shafti ikifika kwenye nyuzi fulani za mzunguko swichi inasema "chini", basi. Fikiria lori lilipita jana usiku likaing'oa fimbo yote ikabaki kipande cha nusu mita, shafti itazunguka vizuri tu na swichi itasema chini wakati barabara iko wazi kabisa, ndo maana mageti mengine yanapitishwa waya mwembamba ndani ya fimbo, fimbo ikikatika waya unakatika na mfumo unajua. Pia kuna swichi ya kuruka hatua ya usalama, kwa ajili ya siku kifaa kimeharibika na meli iko njiani, hiyo inatakiwa ifungwe kwa lakiri au ufunguo na kila ikitumika iandikwe. Ukikuta lakiri imekatwa siku nyingi na hakuna aliyeshtuka, jua kuna hitilafu imezoeleka na mageti yamegeuka mapambo.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linaloelezwa kidogo kupita kiasi. Mfumo unathibitisha kwamba geti limeshuka. Hauthibitishi kwamba daraja halina mtu. Ni maswali mawili tofauti kabisa. Gari ni kubwa, linaonekana, ila mtembea kwa miguu anapita pembeni ya fimbo au anainama chini yake, mwenye baiskeli hivyohivyo, na mzee anayetembea pole pole anaweza kuwa ameingia kihalali taa ikiwa kijani na bado hajamaliza kuvuka mageti yote yakishashuka. Mwaka 2022 Marekani ilitokea mara mbili, West Palm Beach mwezi Februari mwanamke aliyekuwa anakokota baiskeli alianguka daraja lilipofunguka akafa, na Milwaukee mwezi Agosti mwanamume mmoja naye akafa, hilo la Milwaukee likiwa linaendeshwa kwa mbali kupitia kamera. Kilichotakiwa kumwona mtu ni jicho la opereta.

Uendeshaji wa mbali unaongeza uzito hapo, maana opereta mmoja anaweza kuwa na madaraja kadhaa kwenye skrini zake, nguzo inaficha kona, jua la asubuhi linaingia kwenye lensi, mvua inafanya ukungu, na mtu kwenye skrini ni doa dogo tu. Ndiyo maana kunatumika sensa za leza, rada na kamera zinazotambua mwendo, zinaingizwa kwenye mfululizo uleule wa ruhusa ili kitu kikionekana juu ya bawa vyuma visichomoke. Nazo zina kero yake, ndege akitua au karatasi ikipeperuka daraja linagoma, meli inasubiri, opereta anachoka, na anayechoka ndiye anayeanza kuizoea ile swichi ya kuruka.

Kwa hiyo ukiwa juu ya daraja na kengele ikalia, usirudi nyuma ulikotoka wala usisimame kupiga picha, endelea mbele mpaka upite fimbo ya kutokea, ile imeachwa juu kwa ajili yako. Ikishuka mbele ya gari lako kabla hujapita na ni ile nyembamba, ivunje utoke, fimbo mpya si kitu. Kwa miguu, piga kelele na upunge mikono kuelekea kibanda au kamera, opereta ana kitufe cha kusimamisha dharura na bawa linaweza kusimama hata likiwa limeshaanza kupanda.