Mkazi siyo mtu wa kazi

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya mtaa hapa Dodoma, pembeni yangu kuna dada anajaza fomu ya utambulisho, alipofika pale palipoandikwa "Mkazi wa" akajaza "ualimu". Mtendaji akamrudishia, dada wa watu akashangaa kweli maana kwake mkazi ni mtu mwenye kazi. Na siyo yeye tu, sisi tunaoshughulika na lugha tunaulizwa sana hili neno tangu watu waanze kuhamia huku kwa wingi na serikali.

Mkazi limetoka kwenye kitenzi kaa. Pale unapokaa, unapolala na kuamkia, ndo wewe ni mkazi wa hapo, uwe na ajira usiwe nayo, uwe na nyumba yako au umepanga chumba kimoja Chang'ombe. Hata makazi yametoka kwenye kaa hiyohiyo. Anayefanya kazi ni mfanyakazi, basi.

Sasa kuna wanaokwambia mimi siyo mkazi wa Dodoma, mimi mtu wa Bukoba nipo huku kikazi tu, ukimuuliza tangu lini anakujibu tangu 2017, watoto wanasoma Ipagala na kiwanja kashanunua Nala. Ndugu yangu, wewe ni mkazi kabisa! Hapo wanachanganya na mwenyeji, yaani mwenye mji, mtu mwenye asili ya pale, na kwa hapa wenyeji ni Wagogo. Ukazi hauulizi kabila wala kwenu wapi. Kwenye kodi ya mapato hata mtu wa nje akifikisha siku 183 nchini ndani ya mwaka anahesabiwa mkazi, japo raia siyo. Na uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 watu walijiandikisha kwenye mtaa wanaokaa, siyo kijijini kwa babu.

Na mkaazi je? Zanzibar kitambulisho chao kinaitwa cha Mzanzibari Mkaazi, Kenya nako wengi wanaandika hivyo, kwa hiyo usimcheke mtu. Ila huku Bara tumezoea mkazi, wakazi, na ukishachagua moja usichanganye kwenye barua hiyohiyo.

Kuna na mkazi lingine la zamani lenye maana ya mke, ndo maana mke wa mjomba anaitwa mkaza mjomba, na bibi wa Pwani akikwambia mkaza mwanangu kaja, anamsema mke wa mwanae.