Msimulizi asiyeaminika siyo yule anayemficha msomaji kila kitu

Miswada ya taharuki ninayoletewa kuhariri inakuja na maelezo yaleyale, "msimulizi wangu haaminiki, anaficha kila kitu halafu sura ya mwisho ndo tunajua muuaji ni yeye." Jamani. Hii imani inaua stori nzuri na nimechoka kuirekebisha.

Ukimnyima msomaji ushahidi umemwibia tu, hakuna ufundi hapo. Msimulizi asiyeaminika, yaani yule ambaye huwezi kuyachukua maneno yake kama yalivyo, anakuonyesha vitu, ila anavipita harakaharaka au anavipa maana nyingine, na ukirudi nyuma unavikuta palepale. Chukua The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, 1926 (kama hujaisoma ruka hadi aya inayofuata). Daktari Sheppard, msimulizi na ndiye muuaji, anasema Ackroyd aliletewa barua saa tatu kasoro dakika 20 usiku, na yeye Sheppard akamwacha saa tatu kasoro dakika 10, barua bado haijasomwa. Basi. Hajadanganya hata neno, ila mauaji yamo ndani ya hizo dakika 10 na saa zote mbili katutajia mwenyewe! Wapo waliolalamika kwamba Christie kacheza rafu, mi nasema wasome tena ule ukurasa.

Kwa hiyo kabla ya sura ya kwanza andika pembeni kilichotokea kweli, saa kwa saa, nani alikuwa wapi, halafu kila sehemu msimulizi anaporuka jiulize anaogopa nini. Jibu likiwa "ili twisti ikolee" futa, manake hiyo ni sababu yako wewe, yeye hana sababu.

Eti lazima awe anadanganya makusudi? Hapana. Mhakiki wa fasihi Wayne Booth, aliyelianzisha hili jina la "msimulizi asiyeaminika" kwenye kitabu chake cha 1961 hakupima kwa uongo. Rachel, msimulizi katika riwaya ya The Girl on the Train (2015), pombe imemfutia kumbukumbu, aliyekuwa mume wake akajaza mapengo kwa uongo na yeye akaamini.

Eti awe kichaa? Acheni kuwasingizia wagonjwa, aibu na mapenzi vinatosha kabisa kumfanya mtu mzima apindishe mambo.

Na lile la kwamba mtu msiri anajibu kwa mkato, siyo kweli hata mtaani. Muulize alikuwa wapi jana usiku, atakueleza foleni, mvua, konda aliyemzungusha chenji, yote hayo na bado hujaambiwa alishukia kituo gani.